Umeme wa upepo wa baharini: ubaya wake kiufundi, kihela na kimazingira

Wadau, kila umeme ukikatika mjini na majenereta ya Kariakoo yakaanza kunguruma, kuna swali halikosekani kijiweni: "Jamani, upepo wote ule wa Upanga Sea View unapotea bure, kwa nini wasipande yale mapangaboi makubwa baharini kama Wazungu?"

Swali ni la maana kabisa. Tatizo ni kwamba wengi tumeona picha tu, mitambo myeupe imejipanga baharini inazunguka taratibu, na picha haionyeshi bili. Kwa hiyo leo tunaweka hapa upande wa pili: ubaya wa umeme wa upepo wa baharini, kiufundi, kihela na kimazingira, na kila kipengele tunakipima na bahari yetu wenyewe. Ukibishana na mtu uwe na nondo.

Jibu fupi kwa walio na haraka (dakika zinakatika, tunajua): upepo wenyewe ni bure, ila kuufuata baharini ni ghali mno, na ile sehemu ya bahari yetu inayofaa kujengwa mitambo ndiyo hiyo hiyo tunayopitishia meli, boti, nyavu na nyaya. Kwa sasa upepo wa nchi kavu ndio wa kuanza nao.

HISTORIA KWA UFUPI

Shamba la kwanza la upepo baharini duniani lilikuwa Vindeby, Denmark, mwaka 1991. Lilikuwa na mitambo 11, yote kwa pamoja megawati 5 hivi. Liling'olewa mwaka 2017. Mitambo ya siku hizi ni mijitu. Hornsea 2 ya Uingereza, iliyoanza kazi kamili mwaka 2022, ina mitambo 165 na inatoa megawati zaidi ya 1,300. Mtambo mmoja wa pale, ukipima mpaka ncha ya panga ikiwa juu, unafika kama mita 200, yaani unapita ghorofa lolote refu la Posta.

Afrika Mashariki hatuna hata mmoja baharini. Tulichonacho kiko nchi kavu. Kenya wana Ziwa Turkana (megawati 310), Ngong na Kipeto. Bongo tuna mradi mdogo wa Mwenga kule Mufindi, mitambo 3, megawati 2.4, ulioanza mwaka 2020.

1. UBAYA WA KIUFUNDI

Nguvu ya upepo. Hapa kuna hesabu moja ambayo watu wengi hawaijui. Nguvu iliyomo kwenye upepo inapanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Maana yake kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane. Upande wa pili wa shilingi, ukitoka mita 9 kwa sekunde ukashuka mpaka mita 6, unabaki na kama asilimia 30 tu ya nguvu. Ndiyo maana Wazungu wameng'ang'ania Bahari ya Kaskazini, kule upepo ni mkali karibu mwaka mzima. Sisi tuko karibu na ikweta. Tuna kaskazi, tuna kusi, na katikati ya hizo pepo mbili kuna wiki za matlai ambapo hata wenye ngalawa wanasubiri. Upepo unaotosha kukupoza ukiwa Sea View jioni si lazima utoshe kuzungusha mtambo wa tani mamia.

Halafu sikiliza hii: vipimo ambavyo serikali imekuwa ikivitaja kwa miaka mingi ni wastani wa mita 9.9 kwa sekunde Kititimo, Singida, na 8.9 Makambako. Zote nchi kavu! Huhitaji meli kufika huko, basi la Ubungo, sasa la Magufuli, linatosha.

Kina cha maji. Mitambo ya kusimikwa chini inataka kina kisichozidi mita 60 hivi. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwambao mwembamba: unatoka kilometa chache tu, bahari inaporomoka kwenda kina kirefu. Kati ya Tanga na Pemba ni mamia ya mita. Maji mafupi na mapana yako kati ya Dar na Unguja, na upande wa Mafia. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kuna mitambo ya kuelea, ndiyo. Wa mfano ni Hywind Scotland, mitambo 5, tangu 2017. Lakini mwaka 2024 yote mitano ilibidi ifunguliwe na kukokotwa kuvuka bahari mpaka Norway kwa matengenezo makubwa. Piga picha TANESCO anakokota mtambo wa mita 200 kutoka Pemba, anaupeleka gereji gani?

Chumvi na matengenezo. Mdau unayekaa Upanga unajua nondo za madirisha upande wa baharini zinavyoliwa na kutu. Sasa weka jenereta na transfoma juu ya nguzo katikati ya maji hayo. Denmark walijenga Horns Rev mwaka 2002, mitambo 80. Mwaka 2004 tu, transfoma na majenereta yalileta matatizo, ikabidi vichwa vya mitambo yote 80 vishushwe na kurudishwa nchi kavu kutengenezwa. Wale wana bandari, mafundi na meli maalumu zenye miguu ya kusimama chini ya bahari. Meli hizo ni chache duniani na zinakodishwa kwa siku, kwa bei ya kutisha.

Kebo ya chini ya bahari. Hapa hatuhitaji mfano wa Ulaya, ndugu zetu wa Unguja wanatosha. Kisiwa kiliunganishwa na umeme wa bara mwaka 1980 kwa kebo ya baharini yenye uwezo wa megawati 45, kutoka Ras Kiromoni mpaka Ras Fumba. Mei 2008 njia hiyo ikapata hitilafu, Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikaharibika tena, giza likaenda mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu za maji zimezima, mahoteli yanaunguza dizeli, wenye saluni na mashine za kusaga wamekaa tu. Kebo mpya ya megawati 100 ilikuja mwaka 2013. Hiyo ilikuwa kebo moja. Shamba la upepo baharini lina kebo kutoka kila mtambo, halafu kebo kubwa ya kuleta umeme pwani.

Na kama unadhani hayo ni ya zamani, kumbuka Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ikalala nchi nzima. Kitu kikiharibikia chini ya bahari huendi na ngazi, unasubiri meli.

Tufani. Tumezoea kusema Bongo hatupigwi na vimbunga. Mwaka 1872 Zanzibar ilipigwa, mikarafuu ya Unguja ikaisha. Mwaka 1952 Lindi ikapigwa. Mei 4, 2024 Kimbunga Hidaya kikaingia Mafia, na boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa. Mtambo wa kawaida unajizima upepo ukifika kama mita 25 kwa sekunde ili usivunjike. Kwa hiyo siku ya upepo mkali kupita kiasi napo hupati umeme.

Gridi. Agosti 9, 2019 radi ilipiga njia ya umeme Uingereza. Hornsea 1 ikapoteza megawati 737 kwa mpigo, kituo kimoja cha gesi nacho kikatoka, watu zaidi ya milioni moja wakakosa umeme na treni zikakwama. Gridi ya Uingereza ni kubwa mara nyingi kuliko yetu. Kwetu megawati 700 zikitoka ghafla, nchi nzima mnaitafuta mishumaa.

2. UBAYA WA KIHELA

Kwa hesabu za IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, mwaka 2023 kujenga kilowati moja ya upepo nchi kavu kuligharimu wastani wa dola 1,160 duniani. Baharini ni dola 2,800. Kwa shamba la megawati 100, hiyo ni dola milioni 116 dhidi ya milioni 280. Umeme wenyewe ulitoka senti 3.3 za dola kwa uniti nchi kavu, na senti 7.5 baharini. Na hizo ni wastani wa nchi zenye bandari na meli zake tayari. Sisi tungeanza na kujenga bandari.

Hata wenyewe wanakimbia. Julai 2023 Vattenfall ya Sweden ilisimamisha mradi wa Norfolk Boreas huko Uingereza kwa sababu gharama zilipanda kama asilimia 40. Septemba mwaka huo huo serikali ya Uingereza iliitisha mnada, hakuna hata kampuni moja iliyoleta ofa ya upepo wa baharini. Ilipofika mwisho wa Oktoba, Ørsted ya Denmark ikatangaza kuachana na Ocean Wind 1 na 2 kule New Jersey, Marekani.

Lakini kwa Mbongo, hatari kubwa iko kwenye mkataba. Mtu akiweka mamilioni ya dola baharini atataka ahadi kwamba atalipwa kwa dola, miaka 20, umeme uchukuliwe usichukuliwe. Tumeshaionja hiyo. Mkataba wa IPTL ulisainiwa mwaka 1995, na TANESCO ikawa inalipia uwezo wa mitambo ya Tegeta hata ikiwa imezimwa. Wakenya nao walionja Turkana: mitambo 365 ilikuwa imeshasimama mwaka 2017, njia ya umeme ya zaidi ya kilometa 400 ikakamilika mwaka 2018. Kwa kipindi hicho serikali yao ikalazimika kulipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haujawasha hata taa moja.

Na mzigo huo mwisho wake uko wapi? Kwenye LUKU yako.

3. UBAYA WA KIMAZINGIRA

Kelele. Nguzo za mitambo zinagongelewa chini ya bahari kwa nyundo kubwa, na sauti ndani ya maji inasafiri mbali. Nyangumi, pomboo na nguva wanatumia sauti kutafuta njia na kuwasiliana. Nyangumi wenye nundu wanapita pwani yetu kila mwaka kuanzia kama Julai. Ujerumani wameweka sheria: kelele isizidi desibeli 160 umbali wa mita 750, na wajenzi huzungushia nguzo pazia la mapovu kupunguza sauti. Inasaidia, ila nayo ni gharama juu ya gharama.

Matumbawe na wavuvi. Sasa turudi kwenye yale maji mafupi. Kati ya Dar na Unguja ndiko ziliko Mbudya, Bongoyo na visiwa vingine vya hifadhi. Ndiko zinakopita boti za Zanzibar, meli za bandarini na kebo za umeme. Ndiko anakotoka changu unayemla, maana samaki wa Feri wanavuliwa na watu wa mitumbwi na ngalawa ambao hawawezi kwenda bahari kuu. Upande wa Mafia kuna Hifadhi ya Bahari tangu 1995, kuna papa potwe na kasa. Ukichora duara pale useme "hakuna kuvua", unamfukuza mtu asiye na pa kwenda. Kwa meli ya Ulaya yenye injini kubwa, kuzunguka shamba la upepo ni mafuta kidogo. Kwa mwenye tanga ni siku nzima.

Takataka. Julai 2024, panga moja la mtambo wa Vineyard Wind, Marekani, lenye urefu wa mita 107, lilivunjika na vipande vyake vikasambaa fukwe za Nantucket, zikafungwa. Mapanga yametengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi, kuyarejeleza ni kazi. Na kila mtambo una mwisho wake, miaka 25 hivi. Nani ataung'oa wakati kampuni imeshafunga ofisi?

WANAOUTETEA WANASEMA NINI

Tusiwe wa upande mmoja. Baharini hakuna ugomvi wa ardhi. Kenya mradi wa Kinangop, megawati 60, ulikufa mwaka 2016 baada ya wananchi kugoma, na mwaka 2021 mahakama ya Meru ikasema ardhi ya mradi wa Turkana haikupatikana kihalali. Pia nguzo za mitambo zikishazoeleka, samaki hujikusanya kama kwenye mwamba. Hakuna moshi, hakuna dizeli. Na kusi inavuma miezi ya kiangazi, wakati mabwawa yanapungua, kwa hiyo upepo unaweza kulisaidia bwawa la Nyerere (megawati 2,115) mwaka wa ukame ukija. Waliokuwepo mgao wa 2006 wanajua kutegemea mvua peke yake kulitufikisha wapi.

Ila angalia, hoja hiyo ya mwisho inatimizwa na upepo wa Singida na Makambako pia, kwa chini ya nusu ya bei, na fundi anafika kwa gari.

SIKU WAKIJA NA MRADI, ULIZA HAYA

- Upepo umepimwa hapo hapo baharini kwa mwaka mzima, matlai ikiwemo?
- Kebo ikikatika, meli inatoka wapi na giza litakuwa la siku ngapi?
- Tunalipa mtambo ukisimama? Kwa shilingi au dola?
- Wavuvi wameulizwa kabla ya ramani kuchorwa, au wameonyeshwa ramani imeshachorwa?
- Hela ya kung'oa mitambo imewekwa wapi tangu siku ya kwanza?

Wakijibu yote matano kwa maandishi, tukae tuzungumze. Wakija na picha za mapangaboi meupe na suti nzuri, wadau, tushikilie LUKU zetu.

Haya, uwanja ni wenu. Wa Unguja mliokaa gizani 2008 na 2010, wavuvi wa Feri, mafundi umeme na wanafunzi wa Mlimani, shusheni maoni hapo chini. Matusi hapana, hoja ruksa.