Mambo ya Kuzingatia Katika Kuchagua Programu ya Kuchezesha DVD Kwenye Kompyuta Mpakato

Mkazi wa Kata ya Kambarage, Manispaa ya Shinyanga, aliyehifadhi picha za harusi au mahafali katika DVD anaweza kukuta kompyuta mpakato mpya haiichezeshi, ingawa diski ni nzima. Mara nyingi sababu ni mbili. Kwanza, kompyuta nyingi za sasa hazina kisomeo cha diski, hivyo huhitajika cha nje kinachounganishwa kwa waya wa USB. Pili, kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, matoleo ya kawaida ya mfumo huo hayana uwezo wa kuchezesha DVD za video.

Programu inayofaa ni ile inayosoma DVD na VCD bila kuhitaji intaneti. Mfano ni VLC ya shirika la VideoLAN la Ufaransa, inayotolewa bure kwa Windows, macOS na Linux. Ipakuliwe kutoka tovuti ya shirika hilo, kwani nakala zinazosambazwa kiholela zinaweza kubeba virusi.

DVD nyingi za filamu hugawanywa kwa kanda, na Tanzania ipo Kanda ya 5. Kwa kawaida kisomeo huruhusu kubadili kanda mara 5 tu, hivyo isibadilishwe ovyo.

Kwa kuwa diski huchakaa, kumbukumbu za familia zihamishiwe mapema kwenye hifadhi nyingine. Aidha, kunakili na kuuza filamu za wasanii bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.