Kuungoja Mto Mara

Mto Mara huanzia kwenye kinamasi cha Enapuiyapui, Msitu wa Mau nchini Kenya, na husafiri karibu kilomita 395 hadi Ziwa Victoria. Ukiingia Tanzania hupita Hifadhi ya Taifa Serengeti, halafu kwa sehemu ya safari yake huwa mpaka wa wilaya: Tarime kaskazini, Serengeti kusini. Habari zake nyingi ni za nyumbu. Hapa nawazungumzia watu walioketi kando yake, na walichokuwa wakikingoja.

Kabla ya madaraja, Mkuria aliyetaka kuvusha ng'ombe wakati wa masika hakuwa na ujanja. Mto ukijaa, ataketi. Ng'ombe wanacheua, yeye anatazama magogo yakipita na alama ya tope kwenye jiwe: ikibaki juu ya maji, mto umeanza kupwa. Katika saa hizo mtu huwaza ya kwake, mahari ya kijana, ugomvi wa koo, mtama ulioliwa na ndege. Tafakari ya huku ilizaliwa na kazi iliyokwama, wala hakuna aliyeifuata mtoni kama starehe.

Wavuvi nao walingoja. Mvua zikianza, ningu walitoka ziwani wakapanda mito kwenda kutaga, na watu wakawategea njiani. Nyavu za makila zilizotandazwa kwenye midomo ya mito ziliwamaliza kwa wingi kufikia katikati ya karne ya 20, na msimu mzima wa kukaa mtoni ukafifia pamoja nao.

Upande wa Serengeti kulikuwa na kukaa kwa namna nyingine. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha 2007, aliandika masimulizi ya wazee wa makabila ya Ikoma, Nata, Ishenyi, Ngoreme na Ikizu kuhusu misambwa, mizimu ya nchi yenye makao kwenye chemchemi, madimbwi na vilima. Mahali pa namna hiyo mtu haendi kujipumzisha. Huendewa kwa heshima na kwa haja.

Mwaka 1913 Mmarekani Stewart Edward White alitembea kutoka Nairobi kuelekea kusini. Baada ya maili nyingi za nchi iliyoungua, aliona miti mibichi ya Mto Bologonja, katika Serengeti ya leo, akajiona amefika peponi. Kitabu chake cha 1915 kiliiita nchi hiyo iliyogunduliwa upya. Wawindaji wa Ikoma, waliokuwa na njia zao huko, wangemwuliza ilipotea lini.

Pepo hiyo ikawekewa mipaka. Hifadhi ilianzishwa 1951, na katika miaka ya 1960 Lamai, ng'ambo ya Mara, ikaongezwa. Leo, kuanzia Julai hadi Oktoba, watalii hukaa Kogatende ndani ya magari yaliyozimwa injini, saa baada ya saa, nyumbu wakishuka ukingoni na kurudi nyuma. Utafiti wa 2017 ulikadiria kuwa zaidi ya nyumbu 6,000 hufa maji mtoni kila mwaka, na mifupa yao huchukua miaka saba kuoza, ikilisha viumbe wa majini. Mtalii analipia kungoja. Mchungaji wa Tarime akikutwa ndani ya hifadhi na ng'ombe wake, anakamatwa.

Nyamongo, wilayani Tarime, kuna kungoja kubaya zaidi. Mei 2009 maji yenye asidi kutoka mgodi wa North Mara yalivuja hadi Mto Tigithe, unaoingia Mara, na tangu hapo watu hukagua maji kabla ya kuyateka. Mei 2019 baraza la taifa la mazingira, NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi. Machi 2022 maji ya Mara yakawa meusi na samaki wakaelea, na serikali ikazuia matumizi yake. Kamati ya uchunguzi ya Profesa Samwel Manyele ilitaja vinyesi na mikojo ya mifugo na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni majini. Wengi walicheka. Maelezo hayo si ya kubezwa, kwani huko juu, Kenya, watafiti wamekwishaonyesha kinyesi cha viboko kikiua samaki kwa njia hiyohiyo. Lakini ng'ombe wa Tarime wamekunywa humo tangu enzi za mababu, na aliyezoea kuketi pale ana haki ya kuuliza kwa nini iwe 2022.