Dira

Tanzania, mita ya maji huitwa pia dira, neno ambalo mabaharia hulitumia kwa chombo cha kuonyesha kaskazini. Nalipenda kuliko mita. Mita hutaja kiasi tu. Dira humwambia mtu aelekee wapi.

Kwamba kipimo cha maji kinaweza kuelekeza hivyo, Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, umekwisha kulithibitisha. Watafiti walichukua kiasi cha maji kilichotoka kila siku kwenye mtambo wa REGIDESO, shirika la maji la Kongo, kati ya 2009 na 2014, wakakilinganisha na hesabu ya walioingia kituo cha tiba wakishukiwa kuwa na kipindupindu. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2015, yanatisha: baada ya siku moja bila maji, wagonjwa katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155, ikilinganishwa na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Robine ikikauka, watu huteremka na madumu ziwani, au huenda mtoni.

Tazama, hesabu ile ilitoka katika vipimo vya kawaida vya mtamboni. Leo kuna dira zinazotuma vipimo kwa mtandao wa simu, na vihisi vinavyoonyesha presha inaposhuka bombani. Kwingi hununuliwa kwanza kwa ajili ya bili. Uvira naona vianze kwenye matangi na robine za umma, ili presha ikishuka asubuhi, klorini ifike ufukweni wanakochota watu siku hiyohiyo, kabla mgonjwa wa kwanza hajalazwa.