Dhamana katika kesi za mapenzi ya vijana: hakimu huangalia nini?

Bimkubwa mmoja, jirani yangu, alinibishia hodi jioni moja baada ya swala ya Alasiri. Mwanawe wa miaka 19 alikuwa amekamatwa kwa ajili ya msichana wa miaka 16 wa mtaa huu huu. Mkononi alishika simu ya kijana.

"Mwanangu, hebu soma hizi meseji," akaniambia. "Msichana mwenyewe alitaka. Hakimu akiziona si atamwachia?"

Nilimjibu kwamba meseji hizo hazitamtoa, na huenda zikamwongezea ushahidi dhidi yake. Nayaandika niliyomweleza kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza.

Kwanza, ridhaa. Kwa sheria ya Kenya, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 hakiulizi kama mtoto alikubali. Akiwa na miaka 16 au 17, anayepatikana na hatia hufungwa miaka isiyopungua 15. Akiwa wa miaka 12 hadi 15, ni miaka isiyopungua 20. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba majaji hawawezi kushuka chini ya viwango hivyo. Hoja kuwa msichana ameshabaleghe, au wazee wako tayari kuwaozesha, haiondoi kosa. Mahakama ya Kadhi husikiza ndoa, talaka na mirathi, si jinai. Kijana aliyedanganywa umri na akaamini kwa sababu za msingi ana utetezi, lakini huo husikizwa kesi yenyewe ikiendelea, si siku ya kuomba dhamana.

Pili, dhamana. Kosa kuwa zito hakumaanishi kuwa hakuna dhamana. Ibara ya 49 ya Katiba inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa masharti ya haki, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia. Sababu hizo ni juu ya upande wa mashtaka kuzionyesha. Hakimu hutazama uzito wa kosa na nguvu ya ushahidi, kisha hujiuliza: huyu atarudi mahakamani? Ana makazi yanayojulikana? Amewahi kuruka dhamana? Atawaingilia mashahidi? Je, mwenyewe atakuwa salama mtaani? Mara nyingi afisa wa probesheni huagizwa kuandika ripoti, akazungumza na jamaa na majirani. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 nayo inataka usalama wa msichana na jamaa zake uzingatiwe.

Hapo ndipo wengi wetu hujiharibia. Kijana akikamatwa, tunakimbilia maslaha: wazee wanatumwa kwa wazazi wa msichana, pesa zinatajwa, msichana anaombwa aseme hamjui. Sisi twaona ni ujirani mwema. Mahakamani huitwa kuingilia mashahidi, na ni miongoni mwa sababu kubwa za kunyimwa dhamana au kufutiwa. Tena kesi si mali ya wazazi kuiondoa watakapo. Ni ya serikali.

Mtuhumiwa mwenyewe akiwa chini ya miaka 18, Ibara ya 53 yasema asizuiliwe ila pasipo na njia nyingine, kwa muda mfupi kabisa, na atengwe na watu wazima. Mzazi abebe cheti cha kuzaliwa mapema.

Nilimshauri bimkubwa asitume mtu kwa wale jirani. Atafute wakili, mdhamini, na jamaa aishiye mbali awe tayari kumpokea kijana. Alikuwa na kaka yake Malindi. Dhamana ilitoka kwa sharti kijana akae kwa mjombake na asiwasiliane na msichana, hata kwa simu. Akilivunja, atarudi rumande.

Kesi bado inaendelea. Dhamana si kushinda kesi. Kila asubuhi namuona yule msichana akipita na sare yake ya shule, macho chini. Naye ni mwana wetu. Ndugu wazazi, umri huu na sheria hii tuvizungumze na vijana wetu, wa kiume na wa kike, kabla ya gari la polisi kusimama mlangoni.