Si Ngozi Ngumu, ni Mwambo

Karatasi ilitoka kwenye fundo la leso, na ilichukua muda kutoka. Jirani yangu hapa Munyaka, Eldoret, auzaye sukuma wiki karibu na steji, vidole vyake havikunjiki tena. "Mwalimu, nisomee. Wameandika nina ugonjwa wa ngozi ngumu. Nimejipaka mafuta, makopo matatu yameisha, wapi!"

Nilikasirika, na bado sijapoa. Mfasiri alichukua neno la Kigiriki, scleroderma, akalipasua: skleros, gumu, derma, ngozi. Akaunga vipande hivyo kwa Kiswahili, akaenda zake kunywa chai. Ngozi ngumu anayo kifaru. Kisigino cha mkulima kinayo pia, nacho hulainika kwa mafuta. Jirani yangu anaumwa na kolajeni ambayo mwili wake unaitengeneza kupita kiasi, ikakaza ngozi, umio na hata mapafu. Kopo gani la mafuta litafika huko?

Nasikia wanakamati fulani wa istilahi wanapendelea "ukakamavu wa ngozi". Ukakamavu! Sifa ya askari gwarideni, wampachike mgonjwa asiyeweza kufunga kifungo cha sweta.

Neno langu ni mwambo. Anayewamba ngoma huanza na ngozi mbichi, akaivuta juu ya mzinga, akaipigilia vigingi, akaianika. Jioni ukiipitishia mkono inang'aa, imebana, huwezi kuifinya ikainuka. Daktari naye hupima ugonjwa huu kwa kufinya ngozi ya vidole na mikono aone kama itainuka. Tena wamba haikufungwa kwenye ngozi: kitanda cha kamba nacho huwambwa, na kiwambo, ndugu yake, kimo katika vitabu vya biolojia tangu zamani bila kumkera mtu. Basi tuna mwambo wa ngozi, mwambo wa mapafu, na ukisambaa, mwambo ulioenea. Ngeli yake ni ya mfumo na mchezo. Mtoto wa darasa la nne ataipatanisha.

Mwenzangu mmoja, ambaye kamusi yake ni muswada tangu enzi za Moi, alinicheka: watu watasoma "mwamba", wadhani ni jabali. Kisha akanirushia "kila mwamba ngozi huvutia kwake". Nilimshukuru. Methali hiyo ndiyo shahidi wangu: wamba na ngozi walioana kabla kamati hazijazaliwa.

Kosa lenyewe tulilirithi. Carlo Curzio wa Napoli alieleza mwaka 1753 habari za msichana wa miaka 17 aliyekazika ngozi mwili mzima. Mwaka 1836 Fantonetti wa Milano akaleta jina la Kigiriki. Waliona ngozi, wakataja ngozi. Aliyependekeza jina linaloutaja mwili mzima alikuwa Robert Goetz, mwaka 1945, akiwa Cape Town, bara letu hili hili. Sisi tunatafsiri kana kwamba hakuandika.

Kuhusu matunzo, kwa ufupi: hakuna dawa ya kuumaliza, zipo za kuupunguza kasi. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na asubuhi za Julai vidole vya jirani yangu hugeuka vyeupe, kisha buluu, kisha vyekundu, jambo alilolieleza Maurice Raynaud mwaka 1862. Basi glavu, na maji ya vuguvugu. Asivute sigara. Presha ipimwe mara kwa mara, kwani ikipanda ghafla figo huenda zikafa, na dawa za jamii ya captopril huziokoa zikiwahi. Prednisone asijinunulie. Kiungulia kikimsumbua, ale kidogo kidogo na ainue kichwa cha kitanda. Akihema anapopanda mlima, mapafu yakapimwe katika hospitali ya rufaa.

Nilimwambia neno langu. Akatazama mgongo wa mkono wake, ukimeta.

"Kama ngoma," akasema. Kisha akauliza kama kopo la nne, ambalo hajalifungua, dukani watalirudisha.