Simu Iliyoniua Kazi

Saa nane usiku stima ilipotea na mimi nikalala bila wasiwasi. Kazi haikuwa ndani ya laptopu yangu. Ilikuwa kwenye mashine niliyokodi Ujerumani, ikisoma picha za magazeti ya zamani na kuzigeuza kuwa maandishi. Mteja alizitaka asubuhi. Landilodi naye alitaka zake. Nilikuwa nimemalizia amri yangu kwa alama ya &, ile inayoiambia sheli (si ile ya petroli) iendeshe programu chinichini. Hiyo nilifundishwa mwaka wa pili chuoni, ambao kwangu ndio ulikuwa wa mwisho.

Stima iliporudi nikaingia tena. Kurasa zilikuwa zimekomea katikati, programu haipo. Mteja akatafuta mtu mwingine.

Nilikaa siku kadhaa nikimtafuta muuaji. Kumbe ni simu.

Unix ilianza 1969 katika Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T huko New Jersey, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Ulikaa mbele ya Teletype Model 33, mtambo wa kelele kama taipureta, uliochapa herufi 10 kwa sekunde kwenye karatasi. Ukiwa mbali, uliipigia kompyuta simu, na herufi zako zikapita kwenye waya kama milio. Kungoja kazi moja iishe ndipo uanze nyingine kulichosha, kwa hivyo sheli ya Thompson ikawa na & mapema sana: ilikuchapia namba ya kazi yako, nawe ukaendelea na mengine.

Sasa, ukikata simu? Mtu mwingine angeweza kupiga laini ileile, na hakupaswa kukuta mambo yako yako wazi. Kwa hivyo mfumo ulipoona laini imekufa, ulizitumia programu zote za laini hiyo ishara moja: simu imekatwa. Programu ambayo haikujiandaa hufa papo hapo. Ishara hiyo huitwa SIGHUP, na hadi leo ndiyo namba 1 kwenye orodha. Alama ya & haikingi chochote hapo.

Dawa ilitoka miaka hiyohiyo ya 1970: nohup, amri inayoifanya programu ipuuze ishara hiyo na kuandika majibu yake kwenye faili. Baadaye Jim Kulp, akiwa Austria, akaleta njia ya kusimamisha kazi na kuihamisha mbele au nyuma, na Berkeley wakaieneza. Mwaka 1987, Oliver Laumann na Carsten Bormann wakatoa screen, ambayo huishikilia laini hata wewe ukiondoka.

Kinachoniudhi ni kwamba kwangu hakukuwa na simu yoyote. Kulikuwa na Wi-Fi ya ploti. Lakini mashine ya Ujerumani ilipochoka kuningoja, iliigiza mtu aliyerudisha mkono wa simu mahali pake, kama ilivyofundishwa na babu zake.

Wiki iliyofuata nilipata kazi nyingine, nusu ya malipo. Nikaandika nohup mbele, & nyuma, kisha nikafunga laptopu mwenyewe kabla stima haijanifungia. Asubuhi nikafungua nohup.out na kushuka hadi mstari wa mwisho. Kurasa zote zilikuwepo. Landilodi alikuwa ashabisha mara mbili.