Kutoka Jalala la Dandora hadi Meza ya Mataifa

Mvua inyeshapo Kinshasa, sisi wa Barumbu twaona chupa na mifuko ya plastiki ikisombwa kuelekea mto Kongo, nao mto huupeleka mzigo wetu baharini. Mwishoni mwa 2017 serikali yetu ilipiga marufuku mifuko hiyo. Leo tumtazame mtu anayeokota kile ambacho marufuku haikukimaliza.

Historia yake yaonekana wazi Nairobi. Huko Gigiri yako makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lililoundwa mwaka 1972. Katika mji huohuo, Dandora, taka zimemwagwa tangu miaka ya 1970 katika machimbo ya mawe yaliyoachwa. Jalala lilitangazwa kujaa mwaka 2001, lakini malori hayakukoma. Waokotaji huchambua plastiki na chuma, wakauza kwa kilo kwa bei apangayo mnunuzi. Wengi hawana mkataba wala matibabu wakijikata. Mtaani huitwa chokoraa.

Dharau hiyo yaweza kuua. Mwaka 1992, mjini Barranquilla, Kolombia, waokota taka waliuawa ili miili yao iuzwe. Mmoja aliyenusurika ndiye aliyefichua uovu huo. Kwa kumbukumbu yao, tarehe 1 Machi ni siku ya waokota taka duniani. Mwaka 2008 wenzao wa nchi nyingi walikutana Bogotá, wakaanza kudai haki kwa sauti moja.

Tarehe 2 Machi 2022, mataifa yaliyokutana Nairobi yaliazimia kuandaa mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, na azimio likatambua mchango wa wafanyakazi wasio rasmi na wa vyama vya ushirika. Hata hivyo, mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yalivunjika bila mapatano. Mkataba ukija bila wao, taka zaweza kukabidhiwa makampuni, na aliyezisafisha miaka mingi akafukuzwa mikono mitupu.

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira usipungue kiasi kinachomtosha mfanyakazi kuishi. Basi tujiulize katika kikundi chetu: anayepita uani kwetu akiomba chupa tupu, twamwita kwa jina gani? Na je, kilo yake twaipima kwa haki?